Gitaa la Mtumba Mtwara na Lindi: Lifungue Kabla Hujalipa

Minada ya korosho ikianza, kuanzia Oktoba na kuendelea, fedha zinaingia Newala, Tandahimba na Masasi, na simu za watu wa muziki nazo zinaanza kulia. Kwaya inataka besi. Bendi ya Mtwara mjini inatafuta gitaa la solo kabla ya harusi za Desemba. Wauzaji wanaijua ratiba hii kuliko wanunuzi, ndiyo maana kipindi hichohicho makundi ya WhatsApp yanajaa picha za "Gibson orijino, imetoka Marekani, bei ya kutupa". Baadhi ya vyombo hivyo ni vya kweli kabisa. Huku kusini kuna magitaa mazuri yaliyoingia na watu wa misheni, na wafanyakazi wa miradi ya gesi, na ndugu zetu waliorudi kutoka nje. Lakini humohumo kuna feki, na feki ya leo kwa nje imetengenezwa kwa ustadi.

Gibson Les Paul Standard mpya inauzwa zaidi ya dola 2,000, yaani zaidi ya shilingi milioni tano. Fender Stratocaster ya Marekani nayo si ya kitoto. Anayeweza kuchonga mbao kwa umbo lile, akaipaka rangi ileile na kuandika jina lilelile kichwani, anapata bei ambayo mbao yake haistahili. Jina ndilo sehemu rahisi kuliko zote kughushi. Waya, skurubu na mbao zilizofichwa chini ya vifuniko ni kazi ngumu na ya gharama, kwa hiyo huko ndiko anakobana matumizi, na huko ndiko utakakomkamata. Ushauri wangu wote uko hapo: usilipe kabla hujafungua. Gitaa lisilofunguliwa ni mbuzi kwenye gunia.

Kabla hatujaanza, tenganisha mambo matatu ambayo watu huyachanganya. Feki ni gitaa lenye jina la kampuni ambayo haikulitengeneza. Epiphone na Squier si feki. Epiphone ni mali ya Gibson tangu 1957, na Squier ni jina ambalo Fender inalitumia tangu 1982 kwa magitaa yake ya bei nafuu. Vyote ni vyombo halali, na kwa kwaya nyingi za huku vinatosha na kubaki. Aina ya tatu ni mchanganyiko: mwili wa Fender halisi, shingo ya kutoka kwingine, pikapu (vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi) zilizobadilishwa. Hilo nalo si kosa muuzaji akisema ukweli, ila bei yake haiwezi kuwa ya gitaa zima.

Hatua ya kwanza: omba picha kabla hujapanda basi

Masasi hadi Mtwara ni karibu kilomita 200. Usisafiri kwa picha moja iliyopigwa sebuleni. Omba picha za kichwa mbele na nyuma, namba isomeke, na nyuma ya shingo pale inapokutana na kichwa, mwanga ukitoka upande mmoja. Kisha omba picha mbili ambazo wengi hawaombi: kifuniko kidogo cha kichwani kikiwa kimetolewa, na kifuniko cha nyuma, kile kinachoziba waya za volyumu na toni, kikiwa kimefunguliwa. Muuzaji aandike tarehe ya leo kwenye karatasi na kuiweka pembeni ya gitaa. Picha za kuibwa mtandaoni ni nyingi, na karatasi hiyo inazimaliza.

Akikataa, msikilize sababu yake. Mtu mzima asiye na bisibisi nyumbani ni jambo la kawaida, mwambie utakuja na yako. Ila anayekwambia "ukifungua garantii inapotea" kuhusu gitaa la mtumba, achana naye. Garantii ipi?

Mfukoni beba bisibisi nyota ndogo na ya kati, bisibisi bapa, futikamba au rula ya chuma yenye milimita, tochi, waya wa gitaa, betri ya volti 9, na multimita kama unayo. Ampi ndogo ya betri ni nzuri zaidi, maana umeme unaweza kukatika siku hiyohiyo ya biashara.

Hatua ya pili: pima kwa futikamba

Hiki ni kipimo cha dakika moja ambacho hakuna anayeweza kukibishia. Weka mwanzo wa rula kwenye nati, kile kipande cheupe au cheusi kinachopitisha nyuzi juu ya shingo, upande unaoelekea freti ya kwanza (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo). Pima hadi katikati ya chuma cha freti ya 12. Umbali huo ni nusu ya urefu wote wa uzi unaolia.

Stratocaster na Telecaster: milimita 324. Les Paul: kama 312 hadi 314. PRS (Paul Reed Smith) ya kawaida: karibu 317 na nusu. Besi za Fender, Precision na Jazz, pamoja na Music Man StingRay: 432. Rickenbacker 4003 ni fupi kidogo, kama 422. Kwenye Jazz Bass pima pia upana wa nati: ni kama milimita 38, nyembamba kuliko Precision nyingi.

Vipimo vikikosewa kwa milimita nne au tano, maliza mazungumzo kwa adabu. Vikiwa sahihi, usishangilie bado. Kiwanda cha feki nacho kina rula.

Hatua ya tatu: soma namba, lakini usiiamini peke yake

Gibson kati ya 1977 na 2005, isipokuwa nyingi za 1994 zinazoanza na 94, ilitumia namba ya tarakimu nane iliyogandamizwa kwenye mbao nyuma ya kichwa. Tarakimu ya kwanza na ya tano zinatoa mwaka, ya pili hadi ya nne zinatoa siku ya mwaka, na tatu za mwisho ni nafasi ya gitaa katika kazi ya siku hiyo. Chukua 90758612. Tisa na nane: 1998. Siku ya 075: Machi 16. Tarakimu 612, kwa kuwa ziko juu ya 500, zinaonyesha kiwanda cha Nashville. Cha Kalamazoo, kilichofungwa 1984, kilitumia namba za chini ya 500. Kuanzia 2005 ikaongezwa tarakimu ya tisa. Kati ya 2014 na 2018 namba inaanza na mwaka wenyewe, 14, 15 na kuendelea. Sasa angalia mwenyewe: namba ya mtindo wa zamani ikitoa siku ya 412, hakuna mwaka wenye siku hiyo. Nimekutana na namba za namna hii kwenye magitaa yanayong'aa kweli.

Kwa Fender, tangu 1976 namba iko kichwani badala ya kwenye bamba la shingo, isipokuwa matoleo yanayoiga ya zamani. S ni miaka ya 1970, E ya 1980, N ya 1990, Z ya 2000, na kuanzia 2010 za Marekani zinaanza na US ikifuatwa na mwaka. Za Mexico, kutoka kiwanda cha Ensenada, zina MN, MZ, kisha MX. Namba inayofuata herufi ni mwaka ndani ya muongo: N7 ni 1997, Z5 ni 2005, na kupishana kwa mwaka mmoja hivi ni kawaida. Ikiwa muuzaji anadai "hii ni Marekani" na namba inaanza na MZ, huenda gitaa ni halali kabisa, ila ni la Mexico na bei yake ni nyingine. Hapo wengi wanapigwa bila kununua feki hata kidogo.

Fender ina ukurasa wa kuangalia namba kwenye tovuti yake, na Gibson unaweza kuwaandikia. Kisha ingiza namba hiyo Google. Viwanda vya feki hurudia namba moja kwenye magitaa mengi, na wakati mwingine utaikuta namba yako kwenye gitaa la rangi nyingine upande wa pili wa dunia. Jua pia kwamba namba sahihi inaweza kunakiliwa kutoka gitaa la kweli. Namba mbaya inakataa gitaa, lakini namba nzuri haijalithibitisha.

Hatua ya nne: fungua

Salamu kwanza, na maneno mazuri. "Kaka, naomba nifungue vifuniko hivi viwili mbele yako, nitavirudisha kama vilivyokuwa." Mwenye kitu halisi huwa anafurahi, maana na yeye anataka kuona kilichomo. Tandika kitambaa mezani, skurubu zote ziweke kwenye kisahani kimoja, na usitumie bisibisi isiyokaa sawasawa kwenye kichwa cha skurubu. Ukiharibu skurubu ya mtu, umeharibu na mazungumzo.

Kwenye Les Paul anza na kifuniko cha kichwani chenye umbo la kengele. Cha Gibson kina skurubu mbili. Tatu ni alama maarufu ya feki. Kitoe. Chini yake utaona ncha ya chuma kinachonyoosha shingo, ambacho mafundi wanakiita trasirodi. Gibson inafunga chuma hicho kwa nati ya shaba ya pembe sita, ambayo spana ya boksi inaivaa kwa nje. Ukikuta tundu la kuingiza elenki, kile kijiti cha chuma cha pembe sita kilichopinda, gitaa hilo halijatoka Gibson ya Marekani. Kwa Les Paul, hii ni mojawapo ya alama ninazoziheshimu zaidi, kwa sababu kubadilisha mfumo huo kunataka kubomoa shingo, na hakuna muuzaji wa feki anayejisumbua hivyo.

Geuza gitaa, tazama nyuma ya shingo chini kidogo ya kichwa, mwanga ukija kwa pembeni. Gibson hukata shingo na kichwa kutoka kipande kimoja cha mahogani, kisha hugundisha vipande vidogo pembeni mwa kichwa ili kukipa upana. Kwa hiyo mistari myembamba inayoshuka pembeni ya kichwa ni kawaida. Mstari unaokata shingo kwa mshazari, kutoka upande hadi upande, maana yake kichwa kimeungwa kwenye shingo. Gibson haifanyi hivyo. Lakini chunga hapa: vichwa vya Les Paul huvunjika kirahisi gitaa likianguka, na mstari uliopinda, usio sawa, wenye rangi iliyopakwa upya unaweza kuwa ufa uliotengenezwa. Hiyo si feki, ila ni sababu nzuri ya kushusha bei sana.

Jina kichwani kwenye Standard na Custom ni lulu iliyochomekwa ndani ya mbao. Pitisha ukucha juu yake: hupaswi kuhisi ukingo. Kwenye aina za bei ya chini kama Studio kuna miaka jina lilichapwa tu, kwa hiyo jua kwanza ni aina gani unaiangalia.

Daraja, kile kipande cha chuma kinachobeba nyuzi mwilini. La Les Paul linakaa juu ya vijiti vyembamba vyenye magurudumu madogo unayoyazungusha kwa kidole. Feki nyingi zina nguzo nene zenye mfereji wa bisibisi bapa juu yake. Utaliona hilo hata kwenye picha ya simu, na linaokoa nauli nyingi.

Sasa kifuniko cha nyuma, pale ninapokaa muda mrefu kuliko pengine popote. Washa tochi. Potenshometa, zile unazozizungusha kwa volyumu na toni, za Gibson ya kawaida ni kubwa, mwili wake una kipenyo cha kama milimita 24. Za feki mara nyingi ni ndogo, kama milimita 16, zimekaa kwenye shimo kubwa kama hazina mwenyewe. Tafuta namba zilizogongwa mgongoni: 137 ni alama ya CTS, kampuni inayotengeneza potenshometa, na tarakimu zinazofuata zinaweza kutaja mwaka na wiki. Ukisoma 137 na kisha 9807, potenshometa ilitengenezwa wiki ya saba ya 1998, nayo inakubaliana vizuri na gitaa la Machi 1998. Ukisoma mwaka wa mbele kuliko namba ya kichwani, uliza nani alibadilisha na lini. Waya za Gibson za miaka mingi zimefunikwa kwa msuko wa chuma. Ukikuta nyuzinyuzi nyembamba za plastiki nyekundu, nyeupe na njano zikiwa zimefungwa kwa kipande cha selotepu, umeona unachohitaji. Ila kuanzia mwaka 2008 hivi, Gibson nyingi halisi zina kibao cha kielektroniki badala ya waya zilizochomewa kwa mkono, kwa hiyo usikatae gitaa jipya kwa kukosa msuko.

Tazama mbao za ndani ya shimo. Les Paul Standard ina mahogani chini na kofia nene ya mepo juu. Ukitoa pikapu moja, skurubu nne za fremu yake tu, ukingo wa shimo utakuonyesha mbao mbili, nyeusi kidogo chini na nyeupe juu. Feki inayoonyesha miali mizuri usoni huwa na karatasi ya mbao iliyobandikwa, unene wake haufiki milimita moja, na chini yake mbao ya aina yoyote.

Kanuni hizi zina ubaguzi wake, na huwezi kuzitumia kama rungu. Namba ya wino badala ya kugandamizwa ni kawaida kwenye Les Paul za Custom Shop (karakana maalumu ya Gibson) zinazoiga za 1958 hadi 1960. Ncha za freti kufunikwa na ukingo wa plastiki lilikuwa jambo la kawaida, lakini tangu 2014 nyingi hazina. Na mwaka 2015 Gibson ilitoa magitaa yenye nati ya nyuzi ya shaba na saini iliyoandikwa "Les Paul 100" kichwani, kwa ajili ya miaka mia tangu Les Paul mwenyewe azaliwe mwaka 1915. Ukiliona bila kujua hilo utaapa ni feki. Kwa hiyo mimi nataka alama tatu zinazokubaliana kabla sijalihukumu gitaa, isipokuwa ile ya trasirodi, ambayo peke yake inatosha kunisimamisha.

Fender, na besi kwa jumla

Hapa kazi ni rahisi kwa upande mmoja na ngumu kwa mwingine. Rahisi, kwa sababu Telecaster na Jazz Bass zina bamba la chuma la volyumu linalofunguka kwa skurubu chache bila kulegeza nyuzi. Ngumu, kwa sababu shingo ya Fender kwa kawaida inafungwa kwa skurubu nne, na mtu anaweza kuchukua shingo ya Squier, akakwangua jina na kubandika la Fender. Gitaa lina mwili mmoja na shingo nyingine, na kila kimoja kinaweza kuwa cha kweli kwa kiasi chake.

Niruhusu nieleze besi moja iliyoletwa kwangu Ligula, Mtwara mjini, na mwalimu wa kwaya kutoka upande wa Masasi. Muuzaji alitaka milioni mbili na nusu, na mwalimu alikuwa na fedha ya kwaya mkononi, michango ya watu. Kichwani Fender, Jazz Bass, namba ya N7. Nilipima: 432 hadi freti ya 12, nati 38. Sawa. Sauti nayo haikuwa mbaya. Nilipitisha ukucha kwenye jina, nikahisi ukingo wa stika juu ya vanishi, ukingo mkali, na pembeni yake kivuli cha mahali palipokwanguliwa. Nikafungua bamba la volyumu. Potenshometa ndogo tatu, waya nyembamba. Tukalegeza nyuzi, tukatoa skurubu nne za shingo. Kisigino cha shingo kilikuwa kitupu, hakuna muhuri wa tarehe wala maandishi ya penseli, na shimo la shingo mwilini lilionyesha mbao iliyopangwa matabaka, plaiwudi. Muuzaji alikuwa amesimama palepale, naye alinyamaza. Nadhani hata yeye aliuziwa. Baada ya maongezi marefu na chai, besi ilinunuliwa kwa laki tatu na nusu kama besi ya kujifunzia, stika ikatolewa siku ileile, na inapigwa kanisani hadi leo.

Ulichokiona hapo ndicho cha kutafuta. Kisigino cha shingo na shimo lake mara nyingi hubeba muhuri, tarehe au stika ya kiwanda. Kukosekana kwake peke yake si hukumu, maana mihuri hufutika, lakini tarehe ya shingo na ya mwili zikipishana miaka sita, unashika mchanganyiko. Mwili wa Fender ya Marekani ni mbao ngumu, kwa kawaida alda au ashi, na kamwe si plaiwudi. Stratocaster usiifungue kava la mbele kama huna haja, lina skurubu 11 na nyuzi lazima zilegee. Fungua kava la springi nyuma na bamba la jeki (tundu la kuchomekea waya), mbao zitaonekana vya kutosha. Usitoe shingo ya mtu kabla hujalegeza nyuzi zote, na kama mkono wako haujazoea, fundi afanye.

Music Man StingRay ni besi ya umeme wa betri, volti 9. Kichwa chake kina vikazio vya nyuzi vitatu upande mmoja na kimoja upande wa pili, na za miaka ya karibuni hurekebishwa shingo kwa gurudumu dogo linaloonekana pale shingo inapoishia mwilini, unaloweza kulizungusha kwa kijiti cha chuma. Ikiwa muuzaji anaiita StingRay ya Marekani na kichwani imeandikwa Sterling by Music Man, hiyo ni ya daraja la bei nafuu la jina hilohilo. Halali, bei nyingine.

Rickenbacker 4003, inayotengenezwa tangu 1979, ina shingo iliyopita mwili mzima hadi mwisho wa besi. Tazama nyuma: lazima uone mbao ya shingo ikiendelea moja kwa moja kati ya mabawa mawili ya mwili. Skurubu nne nyuma zinazoshika shingo, au mstari wa gundi pale shingo inapoingia mwilini, ni feki bila mjadala. Namba yake iko kwenye bamba la jeki. Kampuni hiyo inatengeneza California tu, haina toleo la bei nafuu la Asia, kwa hiyo hakuna "Rickenbacker ya Kichina halali". Ukiona moja huku kusini kwa bei ya pikipiki chakavu, ipite.

Hatua ya tano: sauti na mita

Piga kila freti ya kila uzi, hata kama wewe si mpigaji hodari. Zungusha volyumu na toni polepole ukisikiliza mikwaruzo. Gonga pikapu kwa kucha volyumu ikiwa juu: zikipiga kelele kali kama maikrofoni, zimetengenezwa kwa haraka.

Siku isiyo na umeme, multimita inakusaidia. Chomeka waya wa gitaa kwenye jeki, volyumu juu kabisa, swichi ikiwa kwenye pikapu moja, weka ncha moja ya mita kwenye ncha ya plagi na nyingine kwenye shina lake. Hambaka za Gibson, yaani pikapu za koili mbili, kwa kawaida zinasoma kati ya kilo-ohmu 7 na 9, pikapu za koili moja za Stratocaster kama 5 hadi 7. Mita isiyosoma kitu maana yake waya umekatika mahali. Besi za betri kama StingRay usizipime hivi, hazitakupa jibu lenye maana.

Kuhusu kutu: hapa Shangani, Mikindani na Kilwa hewa ya bahari inakula chuma chochote. Skurubu zenye kutu hazisemi kitu kuhusu asili ya gitaa. Kinachosema ni kutolingana. Daraja limeliwa na chumvi lakini skurubu za kichwani zinameta, au gitaa la "mwaka 1979" lina potenshometa zisizo na vumbi. Uliza. Na rangi ya Gibson ni vanishi ya nitro, inayopasuka mistari midogo na kunata ikigusana muda mrefu na raba za stendi, hasa kwenye joto letu. Rangi nene ya plastiki kwenye Gibson inayodaiwa ya zamani inatia shaka.

Hatua ya sita: bei, karatasi na basi

Ukishajua ulichonacho mkononi, bei jadili kwa hicho. Feki nzuri inayopigika bado ni gitaa la kujifunzia, na bei yake ni ya gitaa la kujifunzia. Keisi ya ngozi na cheti chenye nembo visikupandishe hata shilingi elfu kumi, maana navyo vinatengenezwa hukohuko feki zinakotengenezwa.

Kwa chombo cha zaidi ya laki tano, andikeni mkataba wa mauziano, majina, namba za vitambulisho vya NIDA, namba ya gitaa, na sentensi inayosema wazi kinachouzwa: "Fender Jazz Bass halisi ya Marekani". Mwenyekiti wa serikali ya mtaa au mjumbe ashuhudie. Sentensi hiyo ndiyo itakayokusaidia baadaye, na kuna wauzaji ambao bei yao hushuka ghafla wakiombwa kuiandika. Piga picha kila kitu ulichokifungua. Uliza kanisa, bendi na shule za jirani kama kuna chombo kilichoibwa, kwa sababu mali ya wizi ikijulikana inarudi kwa mwenyewe, na wewe unabaki ukijieleza polisi.

Gitaa likija kwa basi kutoka Dar, usitume fedha yote. Tuma ya usafiri, mpange mtu wako Dar alifungue kabla halijapakiwa, au mkubaliane malipo yafanyike stendi baada ya wewe kulifungua. Lipakiwe likiwa na nyuzi zilizolegezwa kidogo na magazeti yakiwa yamejazwa chini ya kichwa, hasa kama ni Les Paul. Lisikae buti la chini pamoja na magunia.

Kama umekuta feki dukani ikiuzwa kama halisi, peleka taarifa Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayosimamia Sheria ya Alama za Bidhaa. Na ukilinunua feki kwa kujua, siku ya kuliuza toa stika ya jina kwanza, ndipo utangaze.